Maswali ya ndugu wa wagonjwa kuhusu saikosisi, na utafiti unavyoyajibu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Siku nyingine niko kliniki, nyingine nawasaidia watafiti kuandikisha washiriki. Kwa hiyo maswali haya nayasikia kwa mama aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, na pia kwa kijana anayetaka kujua mate yake yanapelekwa wapi. Nimeyaacha kama watu wanavyoyauliza. Majibu hayashiki nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wako.

Saikosisi ndiyo nini? Ni kichaa?

Ni hali ya mtu kushindwa kutenganisha kilichopo na kisichopo. Anasikia watu wakimsema ilhali chumbani yuko peke yake. Anaamini kabisa kwamba jirani ameficha kifaa darini ili amchunguze, na hata mkipanda darini pamoja mkakosa kitu, atasema kimehamishwa. Wakati mwingine maneno yake yanaruka ovyo, unasikiliza nusu saa usiambulie kitu.

Hiyo ni dalili. Magonjwa yanayoileta ni mengi: skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaoleta sauti na imani kama hizo, ndiyo inayotajwa zaidi, lakini baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) iliyopanda sana, sonona kali, ulevi, kifafa na maambukizi ya ubongo navyo humfikisha mtu hapo. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu milioni 24 hivi duniani wana skizofrenia, yaani mtu 1 katika kila 300. Kwa hesabu hiyo kata ya watu 15,000 ingekuwa na wagonjwa kama 50. Fikiria wa kata yako unaowajua kwa sura ni wangapi. Waliobaki wako ndani, mlango umerudishwa.

Mwanangu alikuwa wa kwanza darasani. Ni kusoma sana kumemfanya hivi?

Hapana. Kusoma hakuleti ugonjwa huu, wala akili nyingi hazimkingi mtu nao. Mnaunganisha mambo haya mawili kwa sababu ya umri: skizofrenia huanza zaidi kati ya miaka ya mwisho ya ujana na ile ya ishirini na kitu, na wavulana hutangulia wasichana. Huo ndio umri wa kidato cha tano, chuo na kazi ya kwanza.

Mara nyingi haianzi kwa kishindo. Kijana anaanza kujitenga, anakesha usiku na kulala mchana, anaacha kuoga, alama zinashuka, anaanza kushuku marafiki. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu, au ameachwa na mpenzi. Miezi inakatika. Watafiti wameufuatilia sana muda huo, tangu dalili zianze mpaka mtu apate tiba ya kwanza, na kadiri unavyorefuka ndivyo matokeo ya baadaye yanavyokuwa mabaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Patrick McGorry na wenzake walianzisha kituo mjini Melbourne, Australia, kwa ajili ya vijana wanaougua kwa mara ya kwanza tu, na mtindo huo umeigwa katika nchi nyingi. Kwetu huku mtu anaweza kuugua mwaka mzima au zaidi kabla hajaonana na daktari, na mara nyingi hakuna aliyefanya uzembe: hakuna aliyejua kuwa lile ni jambo la hospitali.

Tumeambiwa ni malaria imempanda kichwani. Yawezekana?

Yawezekana, na ndiyo sababu sipendi kuona mgonjwa mpya akiandikiwa dawa za akili kabla hajapimwa joto, malaria na sukari, tena achukuliwe damu kwa vipimo vya VVU na kaswende. Mtu aliyebadilika ghafla, ana homa, hajui yuko wapi wala leo ni siku gani, asubuhi yuko sawa jioni amepotea tena, huyo ni wa dharura. Huenda ni malaria, huenda ni homa ya uti wa mgongo, huenda sukari imeshuka. Hata dawa zenyewe huleta hali hii mara chache: aisoniazidi ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, na zile za jamii ya steroidi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao umewafundisha madaktari unyenyekevu. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza hali ambayo kinga ya mwili inashambulia vipokezi fulani vya ubongo. Wengi wa wagonjwa wale wa kwanza walikuwa wanawake vijana, wengi wao wakiwa na uvimbe kwenye ovari. Wanaanza kwa kusikia sauti na kuropoka kama mgonjwa yeyote wa saikosisi, kisha inafuata degedege, mdomo kuchezacheza, na kunyamaza kabisa. Wakitibiwa mapema wengi hupata nafuu kubwa. Ni ugonjwa adimu, lakini ukimwona binti wa miaka 20 mwenye saikosisi na degedege, usikubali arudishwe nyumbani na vidonge peke yake.

Na mama aliyejifungua juzi?

Leo hii hospitali, tena na mtoto wake. Saikosisi ya uzazi humpata mama 1 au 2 katika kila uzazi 1,000, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, na huwa kali kwa haraka. Mama asiachwe peke yake na kichanga. Akitibiwa, wengi hupona vizuri.

Tuanze hospitali au kwa mganga?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kama vile mimi nitafoka. Wengi wanaofika kwetu wamekwishapita kwa mganga, kwa sheikh au kwenye maombi, na sioni sababu ya kuwasimanga. Kuna utafiti wa kutosha unaoonyesha kwamba njia hizi zinaweza kwenda pamoja, ila kwa masharti.

Nchini Nigeria na Ghana, Oye Gureje na wenzake waliwaunganisha waganga wa jadi na viongozi wa makanisa ya uponyaji na wahudumu wa vituo vya afya. Mgonjwa alibaki kwa mganga wake, muuguzi akimfuata huko huko na dawa, na wote wawili wakijadiliana hali yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: wagonjwa waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wale walioendelea na utaratibu wa kawaida. Kenya nako, kundi la Profesa David Ndetei limefanya kazi ya muda mrefu Makueni, likiwakalisha waganga, wachungaji na wauguzi kwenye mazungumzo na kuwafundisha kupeana rufaa.

Unguja kuna kazi ambayo naipenda zaidi. Juli McGruder, mtafiti kutoka Marekani, aliishi karibu na familia chache zenye mgonjwa wa skizofrenia na kuziangalia kwa miaka. Aliona kwamba imani ya masheitani, ambayo mgeni angedhani inamdhuru mgonjwa, mara nyingine ilimlinda. Sheitani huja na kuondoka. Akija, mtu hasimangwi, kwa kuwa si yeye aliyetenda. Akiondoka, mtu anarudi kuwa mwanafamilia kama wengine, pasipo lawama. Mgonjwa alinyweshwa kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani), akapikiwa, akaimbiwa, hakutengwa.

Masharti yangu ni haya. Mganga asimzuie dawa. Asimpige, asimfungishe kula, asimfukize hadi akose pumzi, asimchanje kwa wembe uliotumika. Na asiwauzishe ng'ombe wenu. Akikubali hayo, endeleeni naye mkija kliniki.

Tumemfunga kwa sababu anatoroka. Tufanyeje?

Mwaka 2020 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya afya ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Kwa hiyo hamko peke yenu, na wengi wanaofunga hawafungi kwa ukatili. Wamechoka, barabara kuu iko karibu, na mwisho wa mwezi hakuna nauli ya kumrudisha.

Lakini sikilizeni matokeo haya kutoka Ghana. Watafiti walipeleka dawa kwenye kambi ya maombi ambako wagonjwa walikuwa wakifungwa minyororo, kisha wakawalinganisha waliopewa dawa na wasiopewa. Dalili za waliopewa zilipungua waziwazi. Siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua. Mtu alikuwa na nafuu na bado amefungwa, kwa sababu uamuzi wa kumfungua ulikuwa wa watu wengine. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, ndio ninaoukumbuka kila ninapomwona ndugu akiondoka dirisha la dawa akidhani kazi imekwisha.

Kwa leo: mfungueni kwa zamu, kukiwa na mtu anayemwamini karibu. Tazameni vifundo vya mikono na miguu kama vina vidonda. Anywe maji. Piga simu kituo cha afya ueleze wazi kwamba amefungwa. Hiyo ni sababu ya kutangulizwa, na muuguzi wa maana hatakugombeza.

Ni bangi imemharibu?

Inaweza kuwa imechangia. Utafiti mkubwa uliofanyika katika maeneo 11 ya Ulaya na Brazili, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba wanaovuta kila siku wana uwezekano wa kupata saikosisi mara 3 zaidi ya wasiovuta, na wanaovuta kila siku zile aina kali, karibu mara 5. Kuanza utotoni ni kubaya zaidi. Miraa nayo, ikitafunwa kwa wingi na usiku kucha, inahusishwa na dalili kama hizi, na kukosa usingizi kunazidisha.

Ila wengi wanaovuta hawaugui, na wengi wanaougua hawajawahi kuvuta. Tena wapo wanaoanza kuvuta baada ya sauti kuanza, ili wazitulize. Kwa hiyo kumwambia kijana "ulijitakia" hakumsaidii kuacha.

Ugonjwa huu ni wa kurithi? Nina watoto wengine watatu.

Kuna urithi ndani yake, lakini si kama urithi wa selimundu unaoweza kuuchora kwenye karatasi. Katika watu wote, karibu mtu 1 kati ya 100 atapata skizofrenia maishani. Mzazi mmoja au ndugu wa damu akiwa nayo, uwezekano unafika kama 1 kati ya 10. Yaani watoto 9 kati ya hao 10 hawapati. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua karibu nusu ya mara hizo au pungufu.

Hakuna jeni moja la skizofrenia. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha wagonjwa 76,755 na watu wasio wagonjwa 243,649, wakapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo mno. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukuambia mtoto wako yupi ataugua, na anayekuuzia kipimo hicho anakudanganya.

Basi mnachukulia nini mate yetu?

Ili kusoma vinasaba vilivyomo, kwa sababu wagonjwa wengi kwenye hesabu niliyoitaja hapo juu ni wa asili ya Ulaya. Binadamu wametokea Afrika, na tofauti za vinasaba ni nyingi zaidi hapa kuliko popote, lakini hapa ndipo palipopimwa kidogo zaidi. Utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuwa na wagonjwa 909 tu na ukaonyesha mambo yenye uzito kuhusu mabadiliko adimu ya jeni. Kuna pia mradi wa NeuroGAP, uliokusanya mate na historia za makumi ya maelfu ya watu Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Kwa Kenya ulikuwa Eldoret, kupitia Chuo Kikuu cha Moi, na pwani ulikuwa Kilifi kwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti.

Ninajua kwa nini watu wanasita. Mate, nywele na kucha ni vitu ambavyo mama zetu walitufundisha kuvizika. Mtafiti anayecheka hofu hiyo hastahili kupewa hata tone. Uliza mate yatakaa wapi, kwa muda gani, kama yatavuka mpaka, nani atayaona na kama jina lako litakuwa juu ya kichupa. Jibu la mwisho liwe hapana: kichupa huwekwa namba. Na usitarajie majibu ya kwako binafsi. Utafiti wa namna hii hauleti tiba kwa aliyetoa mate leo.

Mtu mwenye saikosisi anawezaje kukubali kuingia kwenye utafiti?

Wengi wanaweza, siku ambazo hali imetulia. Kwenye NeuroGAP, baada ya maelezo mshiriki aliulizwa maswali 10 mafupi kupima kama ameelewa: utafiti unahusu nini, una hatari gani, anaweza kuacha au la. Akikosa, anaelezwa tena. Asipoelewa baada ya kurudiwa, haandikishwi, hata kama ndugu zake wanataka na nauli inatolewa.

Kabla ya kutia saini ombeni kuona kibali. Tanzania Bara kinatoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), Zanzibar kuna ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya), na Kenya mtafiti awe na idhini ya kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Ukikataa, huduma yako ya kliniki haipaswi kubadilika hata kidogo. Wakikutisha, ondoka.

Dawa zinafanya nini hasa kichwani?

Nyingi zinapunguza kazi ya dopamini, kemikali mojawapo ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe nayo. Ya kwanza, klopromazini, ambayo wazee bado wanaiita Largactil, ilianza kutumiwa Paris mwaka 1952 na Jean Delay na Pierre Deniker. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen. Hizo mbili, kongwe kuliko wengi wetu, ndizo unazokutana nazo zaidi kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya. Si mbaya. Zinanyamazisha sauti kwa watu wengi. Ila zina madhara ambayo lazima uyajue kabla hujafika nyumbani.

Kuna hili linalotisha kuliko yote. Siku ya kwanza au ya pili baada ya haloperidoli, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inapinda upande mmoja, macho yanapanda juu, taya linakaza, ulimi unakuwa mzito. Nyumbani wanasema jini linatoka, au hospitali imemmaliza. Mrudisheni haraka. Akichomwa sindano ya promethazini, au akipewa dawa za jamii ya Artane, shingo hunyooka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na kila aliyekuwa analia anaanza kucheka.

La pili ni la chini kwa chini: hawezi kutulia. Anakaa, anasimama, anazunguka uani, miguu inamchoma kwa ndani. Ndugu wanadhani ugonjwa umezidi, wanaomba dozi iongezwe, na kuongeza kunamzidishia mateso. Semeni "tangu ameanza dawa hatulii". Maneno hayo yatamfanya daktari apunguze badala ya kuongeza.

Dawa za baadaye kama olanzapini hazipindi shingo sana, lakini zinaleta njaa kali, unene na kisukari. Ethiopia watafiti walikuta wagonjwa wanaoacha dawa kwa sababu hakuna chakula nyumbani cha kutosha hamu hiyo. Nimelisikia hilo kliniki pia, limesemwa kwa aibu: "Nesi, akinywa zile anamaliza ugali wa watoto." Mkiwa na tatizo hilo lisemeni. Dawa inaweza kubadilishwa.

Atameza mpaka lini?

Hapa nitakuwa mkweli kuliko mlivyozoea. Uchambuzi wa majaribio 65, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja hivi ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya walioachishwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu tunang'ang'ania. Kwa aliyeugua mara ya kwanza, wengi hushauriwa kuendelea mwaka mmoja au miwili baada ya kutulia. Kwa aliyerudiwa mara nyingi, ni muda mrefu zaidi.

Upande wa pili, watafiti wa Uholanzi waliwahi kuonyesha kwamba waliopunguziwa dozi mapema walikuwa na maisha bora baada ya miaka 7, tukafurahi. Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti wa Uingereza uitwao RADAR: waliopunguziwa polepole walirudiwa zaidi ndani ya miaka miwili, na maisha yao ya kijamii hayakuwa bora kuliko ya wenzao. Mjadala unaendelea. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuomba apunguziwe, na daktari ana wajibu wa kumsikiliza na kupunguza kwa hatua, akimwona mara kwa mara. Kuacha kwa mkupuo siku ya Ijumaa kwa kuwa mhubiri amesema umepona, hilo sikubaliani nalo.

Amekataa kabisa vidonge. Nimwekee kwenye chai?

Wengi wanafanya, wachache wanasema. Nawaelewa, lakini fikirini yatakayotokea akigundua. Mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia kwamba mnataka kumwekea sumu, sasa ana ushahidi. Hatakula tena kwenu. Na dozi haijulikani, kwa sababu leo kamaliza kikombe, kesho kaacha nusu.

Ongeeni naye kuhusu kile anachokitaka yeye. Labda haamini kuwa anaumwa, lakini anakubali kwamba halali. Anzeni na usingizi. Ulizeni pia kuhusu sindano ya mwezi: flufenazini huchomwa kila wiki chache, na wapo wanaoipenda kwa sababu inamaliza ugomvi wa kila asubuhi. Akiwa hatarini kweli, yeye au wengine, zipo taratibu za sheria za kumlaza bila ridhaa, Tanzania kwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Kenya kwa sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Hizo ni bora kuliko chai.

Dawa mbili zimeshindwa. Ndiyo basi?

Bado kuna klozapini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 ulichukua watu ambao dawa nyingine zilishindwa: asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, asilimia 4 tu kwa klopromazini. Tatizo lake ni kwamba mara chache inashusha chembe nyeupe za damu kwa kiwango cha kuua, jambo lililogunduliwa baada ya vifo Finland mwaka 1975. Kwa hiyo inataka kupimwa damu kila wiki miezi ya mwanzo. Anayeishi mbali na maabara ana shida hapo, na ni shida ya mipango ya nchi, wala si ya mgonjwa.

Mmesikia pia habari za dawa mpya. Ni kweli: Septemba 2024 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa zanomelini na trospiamu, ambao haufanyi kazi kwa kuzuia dopamini kama zile zote za miaka 70 iliyopita. Bei yake na umri wake mdogo vinatosha kuwaambia msiisubiri.

Nyumbani tuishi naye vipi?

Kama ningeruhusiwa kujibu swali moja tu ningejibu hili. Tangu miaka ya 1950 George Brown na wenzake London waligundua jambo lililowashangaza: wagonjwa waliotoka wodini kwenda kwenye nyumba zenye masimango makali, au zenye mtu anayewang'ang'ania kila dakika, walirudi hospitali zaidi kuliko wengine. Imerudiwa kupimwa katika nchi nyingi. Na familia ikifundishwa, ugonjwa unarudi mara chache.

Tanzania kumekuwa na majaribio ya mpango uitwao KUPAA, Muhimbili na Mbeya, ambapo wagonjwa na ndugu zao walikaa pamoja katika vikundi, wakajifunza ugonjwa na kutatua matatizo yao wenyewe. Sodo, Ethiopia, wafanyakazi wa jamii waliopewa mafunzo waliwatembelea wagonjwa majumbani, wakazungumza na viongozi wa mtaa, wakawasaidia kurudi shambani na sokoni. Matokeo ya mwaka 2022: baada ya mwaka mmoja waliotembelewa walikuwa wanajimudu vizuri kuliko waliopata huduma ya kituo peke yake.

Kwa vitendo ni hivi. Aongee mtu mmoja kwa wakati mmoja, sentensi fupi. Mpeni kazi ndogo anayoimaliza, kuchota maji au kulisha kuku, na msimfuate nyuma kumkagua. Akisema, "Baba, redio inanitangaza," usimwambie acha upuuzi, wala usikubali kwamba inamtangaza. Sema, "Mimi sisikii hivyo, mwanangu, lakini naona inakuogopesha. Tuizime?" Hasira zenu zina haki, ila zitoeni kwa shangazi au kwa muuguzi.

Sauti zinamtukana tu?

Si lazima. Tanya Luhrmann na wenzake walihoji watu 60 wenye ugonjwa huu, 20 California, 20 Accra na 20 Chennai. Wa California walisimulia sauti za vurugu na matusi. Wa Accra wengi walisikia Mungu akiwaelekeza, na wa Chennai walisikia ndugu zao, wakiwaamrisha kuoga au kufanya kazi. Ulizeni sauti zinasema nini. Zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, hiyo ni dharura.

Ni mtu hatari?

Walio wengi si hatari, na wanapigwa, kuibiwa na kubakwa kuliko wao wanavyowadhuru wengine. Hatari huongezeka kwa asiyetibiwa, anayelewa, na anayeamini mtu fulani amepanga kumuua. Ondoeni mapanga mahali pa wazi, jueni mlango wa kutokea.

Anaweza kuoa? Kupata mtoto?

Anaweza, na wengi wapo kwenye ndoa. Mchumba aambiwe kabla. Siri hii ikifichuka baadaye huvunja zaidi ya ugonjwa wenyewe. Mwanamke anayetumia valproeti (dawa ya kifafa na baipola) amwone daktari kabla hajashika mimba, kwani dawa hiyo ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni.

Ni kweli wagonjwa wa Afrika hupona kuliko wa Ulaya?

Ilisemwa hivyo kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia wagonjwa katika miji tisa kuanzia miaka ya 1960, na wa Ibadan (Nigeria), Agra (India) na Cali (Kolombia) walionekana kuwa na hali bora kuliko wa London au Washington. Lakini mwaka 2008 Alex Cohen na wenzake walikusanya tafiti nyingine za nchi maskini na picha ikawa na madoa: wapo wasiopata tiba kabisa, na huko Butajira, Ethiopia, wengi walikufa wangali vijana. Kwa jumla watu wenye skizofrenia hufa miaka 10 hadi 20 mapema, zaidi kwa magonjwa ya moyo, kisukari na maambukizi. Kwa hiyo mpimeni presha. Akikohoa, msiseme ni wazimu.

Ndugu yetu ameugua akiwa Uingereza. Je, ni maisha ya ughaibuni?

Utafiti uliofanyika London, Nottingham na Bristol, ukachapishwa mwaka 2006, ulikuta skizofrenia kwa Waafrika weusi ikiwa karibu mara 6 ya Wazungu wenyeji, na kwa wenye asili ya Karibi mara 9. Damu haielezi hilo, maana kwao Karibi viwango haviko juu hivyo. Watafiti wengi wanaelekeza kidole kwenye upweke, ubaguzi na umaskini wa mijini. Akitaka kurudi nyumbani kupumzika, arudi na barua ya dawa zake, majina na dozi, na za kutosha mwezi mmoja au miwili.

Tunaanzia wapi, na tubebe nini?

Anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Hospitali za akili za Mirembe (Dodoma), Mathari (Nairobi), Kidongo Chekundu (Unguja), Butabika (Kampala), Ndera (Kigali) na Kamenge (Bujumbura) ni za rufaa. Njooni na mtu anayelala nyumba moja naye, si mjomba mwenye gari peke yake. Andikeni kwenye karatasi ilianza lini, analalaje, anakulaje, na nani kwenye ukoo aliwahi kuugua. Bebeni dawa zote alizotumia, hata maganda matupu, na mseme mizizi na kombe alizonyweshwa. Bebeni na chakula, foleni huwa ndefu.